Nilivyojifunza Kuomba Bila Sauti

Amani iwe kwenu mliofika, na iwe kwa wale ambao miguu imewakataa leo. Nimeombwa nitumie nusu ya kikao chetu. Nitajaribu. Mzee akipewa nafasi ya kusema, mnajua wenyewe, inafaa mtu wa karibu amvute nguo.

Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tunangoja kupimwa tension, presha hii ya damu, dada mmoja aliyemleta mama yake aliniuliza jambo. Daktari alikuwa amemwambia mama huyo kwamba, pamoja na kumeza dawa, atafute muda kila siku wa kukaa kimya, apumue polepole na kutafakari. Dada akaniinamia sikioni: "Mama, hii mambo ya kufunga macho na kunyamaza, haiko ya bachawi? Kichwa ikibakia wazi, pepo haitaingia mule?"

Baadhi yenu mlisikia, mkacheka. Mimi sikucheka. Swali hilo liliwahi kuwa langu, na kwa muda fulani liliulizwa juu yangu mbele ya watu. Ndiyo maana nimekubali kusimama hapa. Sitataja jina la mtu yeyote. Wengine bado wako hai, na watoto wa wengine wameketi humu ndani.

Ninyi wa umri wangu hamhitaji kuelezwa miaka ya tisini. Vijana nitawapa kidogo tu. Mume wangu alikuwa fundi wa mabomba kiwandani, upande wa Shituru. Tuliishi katika nyumba za wafanyakazi. Unga ulikuja kwa mgao, mtoto akiugua tulijua mlango wa kubisha, na king'ora cha kiwanda ndicho kilichotuambia saa. Kisha mshahara ukaanza kuchelewa, ukachelewa tena, mpaka watu wakaona aibu kuuliza. King'ora nacho kikanyamaza. Akina mama tukawa tunamwuliza saa jirani mwenye redio.

Nyumba yetu iliungana ukuta na nyumba ya familia ya asili ya Kasai. Mama wa nyumba ile na mimi tuliimba pamoja kanisani miaka mingi, mimi sauti ya kwanza, yeye ya pili. Baba yake ndiye aliyeletwa na kampani akiwa kijana. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa Likasi, na Kasai hakuijua hata kwa picha. Mnajua yaliyotokea, watu wa asili ya Kasai walivyofukuzwa warudi "kwao", na sitasema nani alifanya nini. Walikaa stesheni na magodoro yao wakingoja treni, nami niliwapelekea ugali wa bukari na mboga ya sombe kila nilipopata njia ya kupita. Siku treni ilipokuja hatukuwa na hotuba. Aliniambia tu, "Usisahau kutia mayi ku lengalenga yangu." Nilimwagilia mchicha ule mpaka wakaja wapangaji wapya wakaung'oa, maana walitaka mahali pa kuweka makaa.

Hapo ndipo nilipoanza kuanguka, ingawa hakuna aliyeona. Usingizi uliniacha. Moyo ulikimbia nikiwa nimeketi, kama mtu aliyepanda mlima. Nilitia chumvi kwenye chai, nikaitia tena. Nikisikia sufuria zinagongana ng'ambo ya ukuta, niliinuka kwenda kumsalimu rafiki yangu, nikafika mlangoni ndipo nikakumbuka. Mume wangu naye alikuwa akivaa nguo zake za kazi kila asubuhi, zimepigwa pasi, na kuketi barazani. Hatukusemeshana sana. Kila mmoja alikuwa analinda kitu chake kisimwagike.

Katika hali hiyo nikaingia kundi la maombi lililokutana sebuleni kwa jirani, na msinisikie vibaya, kundi lile lilituokoa wengi. Tuligawana unga, tulizika wafu, tulilia pamoja. Mimi nilisomeshwa na watawa kule misheni ya Kapolowe, katekisimu niliijua vizuri, lakini moto ule sikuwa nimeuona. Kiongozi wetu alikuwa mwalimu wa shule ambaye shule yake ilikuwa imefunga milango. Alikuwa mtu mwema. Alifundisha kwamba adui haogopi mawazo ya mtu, anaogopa sauti yake. Basi tuliomba kwa sauti, wote kwa pamoja, kila mmoja maneno yake, tangu alfajiri, na mara nyingi bila kula wala kunywa.

Tulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Kila mwombezi alikabidhiwa upande wa mji, asimame akiuelekea na kuuombea kwa sauti mpaka kitu kibadilike. Mmoja alipewa hospitali, mwingine kiwanda. Mimi nilipewa stesheni, kwa kuwa walijua nilikolilia. Kulikuwa na mama mmoja aliyepewa bwawa la Mwadingusha, aombee umeme. Yeye ndiye aliyebeba mzigo kuliko sote. Kila umeme ulipokatika, watu waligeuka wakamtazama.

"Mama ya Mwadingusha," walimtania, "leo ulilala?"

"Nilipiga kelele mpaka mbuzi ya jirani ikakimbia," alijibu. "Labda njo mayi iko kidogo."

Tulimwita hivyo, Mama wa Mwadingusha, nami nitamwita hivyo leo, kwa kuwa si jina lake.

Niliipigia kelele stesheni ile msimu mzima wa kiangazi. Asubuhi moja nikafungua kinywa, kikatoka kitu kama mlango unaokwaruza sakafu. Kesho yake hakikutoka hata hicho. Mume wangu akanipeleka kwa daktari. Daktari akaniangalia kooni na kioo chake kidogo, akatikisa kichwa.

"Nyuzi za sauti zimevimba. Munatoka bote kule ku maombi, na bote munakuya na sauti ya chura. Mama, sasa unyamaze. Hata kunong'ona, hapana. Ukirudia kupiga kelele mbele ya koo kupona, hii sauti itaenda na haitarudia."

Nikafungua kinywa nimwulize mpaka lini. Akainua kidole.

Mume wangu akasema, "Docteur, hiyo dawa iko ya muntu moja tu, ao ya nyumba muzima?"

Ulikuwa mzaha wake wa kwanza tangu king'ora kinyamaze. Sikuweza hata kumjibu.

Ndugu zangu, nawaambia jambo ambalo daktari hakulijua. Mimi sikuogopa kwamba sitaweza kusema na watu. Nilikuwa nimeamini, kwa moyo wote, kwamba ombi lisilo na sauti halitoki nje ya nyumba. Kwa hiyo aliponikataza sauti, kwangu alinikataza Mungu. Rafiki yangu alikuwa ameondoka, kazi ya mume wangu imeondoka, usingizi umeondoka. Kilichokuwa kimebaki ni kuomba, nacho sasa sikujua nitakishika kwa mkono gani.

Kundini walinihurumia kwanza. Baadaye wakaanza kunong'ona, na mtu aliyefungwa mdomo husikia vizuri minong'ono. Kwamba nina pepo la ububu. Kwamba nimeonekana nimeketi nyuma ya nyumba, macho nimefumba, midomo imefungwa, na mtu wa Mungu hakai hivyo. Siku moja kiongozi akaja nyumbani na akina mama wawili.

"Mama," aliniuliza kwa upole, "uko naamini docteur ao uko naamini Mungu?"

Nikainua mikono yote miwili.

Mume wangu akasema, "Papa, hawezi kujibu. Njo ugonjwa yenyewe."

"Tunajua. Njo maana dimanche tutamuombea. Atapaza sauti mbele yetu sote, na ile kamba itakatika."

Mmoja wa wale akina mama akaongeza, hakuniangalia, "Na kama hatapaza, atapumuzika kwanza mu baombezi. Ukuta haiwezi kubakia na shimo."

Hivyo ndivyo nilivyopewa chaguo langu la Jumapili. Nikipaza sauti, nitarudi kati yao, na huenda koo likafa. Nikinyamaza, watanitoa kwa wema, watanisalimu barabarani, na nitabaki na ukimya ambao hata mimi niliuogopa.

Niliuogopa kwa sababu nilikuwa nimeshaujaribu. Ni kweli walivyoniona nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimesikia kwamba kutafakari ni kuondoa mawazo yote kichwani, kibaki kama chumba kilichofagiliwa. Pia niliwahi kuona picha ya mtu wa mbali ameketi chini amekunja miguu, kwenye karatasi ya gazeti waliyonifungia dagaa wa kapenta sokoni. Basi nikaketi chini nikakunja miguu. Mume wangu akapita.

"Weye, uko natafuta nini kule chini? Kintu ilianguka?"

Miguu ilikufa ganzi. Kichwani, badala ya kufagiliwa, yaliingia yote: treni, unga, magodoro ya stesheni, deni la shule, sufuria za ng'ambo ya ukuta. Nilipoyafukuza yaliita ndugu zao. Nikasimama nikiwa nimesadiki kwamba kundi lilikuwa na haki. Nilijiambia kwamba mahali patupu huvuta wageni wabaya, na kwamba wale ndio wameshafika.

Katikati ya juma lile nilikwenda Kapolowe kutafuta mahindi, kama nilivyozoea. Nilinunua kwa vidole. Wauzaji waliniona bubu, wakanihurumia, sikuwahi kupata gunia lililojaa vile. Nikiwa na muda kabla ya lori kurudi, nikapita misheni kumsalimu mtawa aliyetufundisha kusoma tukiwa wasichana. Ni mtu wa huku kwetu, alikuwa mzee tayari. Tulipokuwa wadogo tulimcheka kwa sababu alikaa kanisani muda mrefu bila kusema, kichwa kimeinama, nasi tulibishana kama amelala.

Nilimkuta jikoni, ana ungo wa maharagi magotini. Nikamwonyesha koo langu, nikatikisa kidole.

"Ulikatazwa kusema?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Weye! Mungu iko na michezo." Akacheka mpaka akapangusa macho. "Mu darasa sikuweza kukunyamazisha hata siku moja. Na sasa, kuomba, unaombaka ginsi gani?"

Nikafungua mikono, mitupu. Akaacha kucheka.

"Ikala," aliniambia, nikaketi.

Akanisogezea nusu ya maharagi. "Chagua. Usiombe. Chagua tu, mubaya weka hapa, muzuri weka huku."

Tukachagua. Baada ya kitambo, bila kuinua macho, akauliza, "Uko wapi?"

Sikuelewa.

"Mikono iko hapa. Weye uko wapi?"

Nikaona kwamba nilikuwa stesheni. Nikanyoosha kidole upande wa Likasi.

"Rudia. Maharagi iko hapa."

Nikarudi. Kidogo tu, akauliza tena, "Uko wapi?" Safari ile nilikuwa Jumapili, katikati ya duara, wananipigia kelele. Nikamwonyesha tena kidole. "Rudia." Mara ya tatu nilijikuta nimeondoka kabla hajauliza, nikarudi mwenyewe, akaniona, tukacheka wote wawili, yeye kwa sauti, mimi kwa mabega.

"Njo ile tu," akasema. "Unaenda, unarudia. Unaenda, unarudia. Nani alikudanganya kichwa inafungwaka? Ya kwangu haijafungwa hata siku moja, na niko mu misheni tangu butoto."

Nikakunja vidole kama makucha, nikafumba macho. Alielewa, maana na kwake walikuja watu na swali hilo.

"Pepo? Sikiya. Kama unafungua mulango na unaita baba yako kwa jina, juu ya nini mwizi afikiri ni yeye banaita? Hauachi nyumba bila muntu. Weye uko mule ndani, na Baba iko mule ndani. Donc, chukua kaneno kafupi. Ukivuta pumuzi, 'Baba.' Ukitosha pumuzi, 'niko hapa.' Mu roho, bila mudomo. Ukienda mbali, usijigombeze. Unarudia ku kaneno kako."

Kisha akaniambia mengine huku akipepeta. Kwamba nisikae chini kama sikuzoea, kiti kinatosha, miguu ikanyage ardhi. Kwamba nisingoje kuona kitu. "Usingoje butamu. Siku mingine iko sawa kula bukari bila mboga. Unakula tu." Na kuhusu kulala akaungama bila aibu: "Batoto mulikuwa nasema masœur analalaka mu chapelle. Bon, mara mingi ilikuwa kweli. Mungu hakukasirika. Muntu mwenye kuchoka alale."

Lori likapiga honi, nikaondoka. Hakuniwekea mikono, hakutabiri lolote. Alinipa maharagi.

Siku zilizobaki kabla ya Jumapili nilifanya alivyoniambia, na nitawaeleza nilivyofanya, maana ndilo mnalotaka kulijua. Asubuhi niliwasha makaa, nikaweka maji ya chai motoni, nikaketi kwenye kigoda. Kwa muda wa maji kuanza kuimba, nilivuta pumzi na neno langu, nikaitoa na neno langu. Maji yakiimba niliinuka. Hiyo ilitosha. Wengi hudhani lazima mtu apate saa nzima na mahali pasipo sauti. Nani katika nyumba za wafanyakazi aliwahi kupata mahali pasipo sauti? Watoto waligombana, jogoo aliwika, wapangaji wa ng'ambo walifukuzana na panya. Nilisikia vyote, nikarudi.

Mchana nilipotwanga sombe, nilitwanga tu. Mchi unashuka, natoa pumzi, unapanda, navuta. Nilipotembea kwenda kuteka maji nilisikiliza nyayo zangu. Sikuona nuru. Sikusikia sauti ikiniita. Siku moja nililala kweli kigodani, sufuria ya chai ikaungua. Nilichokiona ni kidogo sana, na nilikaribia kukikosa: asubuhi moja sufuria ziligongana ng'ambo ya ukuta, nami sikuinuka. Nilijua kwamba ni sufuria za watu wengine. Iliuma, lakini nilijua niko wapi.

Jumapili ikafika. Sebule ilijaa mpaka barazani. Walikuwa wamefunga bila maji, na joto la kabla ya mvua mnalijua. Wakaniweka kwenye kiti katikati, wakanizunguka, na mume wangu akasimama mlangoni mikono nyuma. Wakaanza. Sitawachekesha juu ya maombi yale. Watu wale walinipenda. Kiongozi alisimama mbele yangu, jasho likimtoka, akasema, "Mama, fungua kinywa! Lalamika! Ita jina lake kwa sauti, upone!"

Nami nilitamani. Mjue hivyo. Koo lilikuwa limepumzika siku kadhaa, nilihisi sauti imejikusanya pale chini kama maji kwenye bomba. Nilikuwa na hakika kwamba nikisukuma itatoka. Mara moja tu, na ningekuwa tena mwenzao. Nikafungua kinywa.

Kiongozi akaona. Akainua mkono, na wote wakanyamaza ghafla ili wanisikie.

Sebule ile haikuwahi kunyamaza tangu tuanze kukutana mle. Hata mimi nilishtuka. Nikakaa na kinywa wazi, na pumzi ikaingia yenyewe, na neno likaja nayo bila mimi kulitafuta. Baba. Pumzi ikatoka. Niko hapa. Nikafumba kinywa. Nikavuta tena. Nilijua wananitazama, nilijua wananingoja, nilijua maana ya kutopaza. Nikaenda mpaka huko kwa hofu, nikarudi. Hakuna aliyesogea, kwa kuwa walidhani bado kidogo nitapaza.

Ndipo mtu akalia. Hakuwa mimi. Ilikuwa sauti ndogo, upande wa dirisha. Alikuwa Mama wa Mwadingusha.

"Bandugu," alisema, "miye nachoka."

Akaendelea, taratibu, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Mume wake hakuwa ameinuka kitandani tangu kiangazi. Alikuwa amegeukia ukuta, hali chakula, hasemi. Yeye alikuwa akimwacha peke yake na kuja kuombea umeme. "Nilikuwa nasema hii kila siku hapa, mu maombi," alisema. "Kila siku, kwa sauti. Hamukusikia?"

Hatukusikia. Alikuwa amesimama bega kwa bega nasi, akiyasema maneno hayo juu kabisa ya sauti yake, na kila mmoja wetu alikuwa akipiga kelele za upande wake wa mji.

Kiongozi aliketi chini, sakafuni, kama mtoto. Nilidhani atakemea. Badala yake akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Basi tuikale hivi kidogo." Tukakaa. Sijui kila mmoja alifanya nini ndani yake, na si kazi yangu kujua. Baadaye mtu akapika uji, kufunga kukaishia pale, na wanaume wakaenda pamoja na Mama wa Mwadingusha nyumbani kwake. Mume wangu alikuwa wa kwanza kutoka. Alimkalisha mwenzake barazani akamnyoa ndevu. Walifanya kazi pamoja zamani.

Yaliyofuata ni ya kawaida. Kundi halikugeuka monasteri. Wengine waliondoka, wakasema moto umezimika, wakatafuta sebule nyingine. Waliobaki tuliendelea kuomba kwa sauti, ila kabla ya kuanza tulinyamaza kidogo, na mwenye jambo alilisema peke yake wengine wakisikia. Kiongozi alipenda kelele mpaka alipohama mji, nami sikuona vibaya. Mungu ana watoto wa kila namna. Mimi nilibaki mwombezi. Hawakunitoa. Nilirudishiwa stesheni yangu, nikasimama kuielekea bila kufungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu treni ile niliweza kuitazama.

Wengi hupenda ushuhuda uishe kwa kila kitu kurudishwa. Sauti ya kusema ilirudi, baada ya daktari kuniruhusu. Sauti ya kuimba haikurudi. Nikijaribu sauti ya kwanza hutoka upepo, kwa hiyo naketi na wasikilizaji. Usingizi ulirudi polepole, siku hivi, siku hivi. Rafiki yangu hakurudi na sikupata habari zake. Namtaja ndani ya pumzi zangu, na nimekubali kwamba sijui anapokea nini.

Kwa ninyi wenye tension, nasema wazi: kutafakari hakuondoi vidonge. Meza. Wala hakuondoi kwenda shambani au kumpigania mtoto apate shule. Na kama ukifumba macho unaona yale tuliyoyaona miaka ile, usijilazimishe. Fungua macho, shika kitu mkononi, chagua maharagi, tembea, na umtafute mtu umwambie. Nimewaona watu waliojifungia na ukimya peke yao ukawaumiza. Hata mimi nisingeuweza kama mtu asingeniuliza niko wapi.

Namshukuru daktari aliyeniinulia kidole. Namshukuru mume wangu, ambaye hakuelewa hata kidogo nilichokuwa nafanya kigodani na hakunizuia. Nawashukuru wale waliotaka kunitoa pepo, kwa sababu walifunga njaa kwa ajili yangu. Namshukuru mtawa yule, aliyekwisha kupumzika.

Na namshukuru Mama wa Mwadingusha. Mwaka aliofariki, ugonjwa ulimchukua ulimi miezi mingi kabla ya kumchukua yeye. Watoto wake waliogopa sana ukimya ule. Waliniita niende kumwombea, wakakaa wakingoja niseme maneno marefu. Nilivuta kiti nikaketi kando yake. Alinitambua. Alinishika mkono, na baada ya kidogo nikaona kifua chake kinapanda polepole, kinashuka polepole, na uso wake umetulia kama mtu aliyefika kwake. Binti yake akaninong'oneza, "Mama, haujaanza kuomba?"

Nikamwambia kwamba tumeshaanza, avute kiti.